Mbona Leo Huniamkii

Mgeni aliingia wodi ya wazazi na birika kubwa la chai ya maziwa mkono mmoja, sinia la maandazi mkono wa pili, akatabasamu kwa kila mtu, na hakumwamkia hata mmoja.

Hilo ndilo lililomshtua Hidaya Semkiwa. Hebu fikiria: mtu mzima, suti imepigwa pasi ikanyooka, anaingia asubuhi mahali penye watu wa kila umri, halafu anaweka sinia mezani na kusimama kimya. Si shikamoo, si habari za asubuhi. Adabu gani hiyo? Hata mlevi akiamka chini ya meza anasalimu kwanza.

"Karibuni chai, jamani," alisema hatimaye. "Naitwa Evarist Nyoni, natoka Shirika la Maji Angavu. Leo sina kazi yoyote. Nimekuja tu kuwajua."

Kwemvumo nzima ilikunywa maji ya shirika hilo. Mengine hayakuwapo. Visima vilifukiwa kwa amri, mto ukaingizwa ndani ya mabomba, na bomba lilifunguka kwa kidole gumba cha aliyeruhusiwa tu. Kwa hiyo mtu wa Maji Angavu akikukaribisha chai, unakunywa, tena unashukuru. Wauguzi walijisogeza mezani, na kwa kuwa ndiyo kwanza zamu zilikuwa zinapokezana, wakaanza kuamkiana wao kwa wao. Huyu shikamoo dada, yule marahaba, hawa wawili wa rika moja wanagonganisha viganja na kucheka. Bwana Nyoni alikuwa anasikiliza. Hakugusa andazi.

Hidaya alibaki dirishani. Alikuwa amembeba mtoto wa kike aliyezaliwa alfajiri ile, mzuri, kichwa kimejaa nywele. Muda mfupi kabla alikuwa amempigia makofi karibu na sikio, mara moja, mara mbili, na mtoto hakupepesa hata jicho. Mwingine tena, Mungu wangu. Miezi yote hiyo, wodini kwake na kwenye vituo vingine, watoto walikuwa wanazaliwa wazima, wananyonya, wanalia, ila hawashtuki. Hawasikii. Mama zao hawakujua bado, maana mtoto mchanga humjui kama hasikii mpaka umtafute kwa makusudi.

Mlango ukafunguka, akaingia Bi Chausiku Mhina na kanga yake begani na viatu vyake vya raba. Bi Chausiku alishastaafu ukunga, lakini alikuja wodini kila siku na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki nyumbani. Watu wote wakageuka.

"Shikamoo Bi Chausiku!"

"Marahaba, marahaba wanangu. Mmeamkaje? Maandazi haya ya nani?"

Bwana Nyoni aliweka kikombe chini taratibu. "Ya kwangu, mama. Karibu. Samahani, nina swali la kipuuzi. Humu ndani wewe unamwamkia nani?"

Bi Chausiku akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mimi? Nimwamkie nani tena, mwanangu? Wa kuwaamkia wote nimeshawazika."

Wenzake wakacheka naye. Bwana Nyoni pia alicheka. Hidaya akamrudisha mtoto kwa mama yake haraka, akatoka bila kuaga.

*

Stoo ya mashuka ilikuwa na komeo kwa ndani. Hidaya alifunga, akajibanza nyuma ya rafu, akatoa simu. Kisha akaingiza mkono chini ya gauni la kazi, kiunoni, akatafuta kati ya shanga zake ule mmoja ulio mzito kuliko nyingine. Huo ndio uliokuwa ufunguo wake. Bi Chausiku ndiye aliyemshauri auweke hapo. "Askari wa kukupekua mfukoni yupo," alimwambia, "wa kukuhesabu shanga sijamwona." Aliusogeza karibu na simu na Waraka ukafunguka.

Zamani, kabla ya mnyororo, lile daftari la mashine lisilofutika, mtu alikuwa anaweza kusema jambo na akaaminiwa. Zikaja sauti za kutengenezwa, zikaja video za watu wakisema wasiyoyasema, watu wakadanganywa mpaka wakachoka, na mwishowe hakuna aliyeamini chochote kisichokuwa kwenye mnyororo. Ushahidi wa mdomo ukawa umbea. Karatasi ikawa ya kufungia karanga. Ndiyo maana watu wanne waliogundua kwamba maji ya bomba ndiyo yanayowaziba watoto masikio wakiwa bado tumboni waliuandikia Waraka wao humo.

Ulivyofanya kazi ni hivi. Kila neno lilisimbwa likiwa bado ndani ya simu ya mwandishi, likatoka halisomeki, likabebwa vipande vipande na maelfu ya mashine za mjini: mashine za kusaga, mashine za kunyolea za umeme wa jua, vipaza sauti vya misikiti. Kila moja ilishika pete yake ya mnyororo, na hakuna hata moja iliyojua imeshika nini. Wa kusoma ni wenye funguo nne tu. Mmoja akiandika, wenzake wanaona hapohapo. Akifuta, neno halifi. Linalala chini ya jipya, na saa yake na alama ya aliyelifuta, milele. Hapo ndipo uaminifu wa Waraka ulipotoka. Na ili ufunguke kwa watu wote, ulihitaji mihuri mitatu kati ya minne, nao ukifunguka unafunguka na historia yake yote.

Majina hawakuandika. Walijiita vyombo vya jikoni. Kinu alikuwa Bi Chausiku, Kata alikuwa Hidaya. Hawa wawili hawakuwajua Ungo na Mwiko kwa sura. Walijua tu kwamba Ungo anazalisha kituo cha mbali, na Mwiko ni mtu wa maabara, yeye ndiye aliyepima maji ya bomba na kuingiza vipimo vyenye muhuri wa saa. Siri ilifungwa kweli kweli. Hata shetani asingepenya.

Lakini watu wa Kwemvumo ni watu wa Kwemvumo! Utaingiaje mahali alipo mkubwa wako ukaanza kuandika tu bila salamu? Siku ya kwanza kabisa Mwiko aliuliza pembeni ya ukurasa: *Jamani, mkubwa hapa ni nani, nisije nikakosa adabu?* Na Kinu akajibu: *Ni mimi, mwanangu. Nimeanza kuzalisha bomba la kwanza halijafika mji huu.* Tangu hapo kila asubuhi zilianza salamu. Ungo akimwamkia Kinu. Mwiko akiwaamkia Kinu na Ungo. Kata akiwaamkia wote watatu, maana ndiye mdogo. Jioni walizifuta ili Waraka ubaki safi, wakalala usingizi mzuri.

Hidaya aliteremsha ukurasa wa historia. Zote zilikuwa pale. Shikamoo Kinu. Marahaba mwanangu, umekula? Shikamoo Ungo. Shikamoo Mwiko. Mtu akizisoma anawapanga kwa umri bila hata kukuna kichwa. Na Kinu haamkii mtu. Katika wazalishaji wote wa wilaya, ni wangapi wasio na wa kumwamkia?

Lakini asome nani? Wenye funguo ni wanne tu.

Ndipo alipokiona kidoti cha rangi ya chungwa. Kilikuwa alama ya Mwiko. Mwiko alikuwa hajaandika kitu tangu wiki iliyopita, na Hidaya alikuwa amesikia juujuu kwamba kijana mmoja wa maabara ya maji kahamishwa ghafla, hata vyombo vyake hakuchukua. Sasa kidoti kilikuwa hai. Kilikuwa kinatembea katika historia, taratibu, kinasimama kwenye salamu moja, kinakaa, kinakwenda kwenye nyingine. Hakikugusa vipimo vya maji wala habari za watoto. Salamu tu.

Hidaya aliandika: *Mwiko, ni wewe?*

Kidoti kikasimama. Kikakaa. Kisha maneno yakaanza kutokea, herufi moja moja, ya mtu asiye na haraka.

*Ni mimi, Kata. Mbona leo huniamkii?*

Alijiziba mdomo ili asipige kelele. Mwiko wa kweli alikuwa mtu wa utani, asingedai shikamoo hata kwa fimbo. Huyu alikuwa ameisoma desturi yao kama mtu anavyosoma maelezo ya dawa, na sasa alikuwa anaijaribu.

Juu ya ukurasa palikuwa na habari nyingine. *Mihuri: miwili kati ya mitatu.* Kinu alikuwa wa kwanza kutia, siku nyingi. Ungo alikuwa ametia asubuhi hiyo hiyo. Ule wa Mwiko ulikuwa mikononi mwa adui, kwa hiyo uliobaki ni wake yeye, Kata. Angeweza kuutia wiki iliyopita! Lakini angemtanguliaje Ungo, mkubwa wake? Alingoja aliyemzidi aanze, kama alivyolelewa, na Ungo alikuwa safarini, na katika kungoja huko Mwiko akakamatwa. Hidaya alitamani ajipige makofi.

Chini ya skrini yalikuwapo maneno mawili, *Tia muhuri* na *Choma ufunguo*. Akapeleka kidole kwenye la kwanza.

"Hidayaaa!" Ilikuwa sauti ya Stamili, muuguzi mwenzake, toka koridoni. "Hidaya, njoo! Njoo uone wanavyomfanya Bi Chausiku!"

*

Bi Chausiku alikuwa amesimama kwenye sinki la kunawia, kidole gumba juu ya bomba. Taa ya bomba ilikuwa nyekundu. Akaondoa kidole, akakipangusa kwenye kanga, akabonyeza tena. Nyekundu. Kwemvumo kila mtoto alijua maana yake. Ukifungiwa bomba hapa, umefungiwa mji mzima, na atakayekupa hata funda moja naye anafungiwa.

"Sijamkamata mtu," Bwana Nyoni alikuwa anasema, sauti ya chini, ya upole, mtu ungedhani anatoa pole msibani. "Sijampiga mtu. Mama huyu ameandika habari za afya bila kibali, sheria inajulikana. Nimefunga bomba, basi."

"Kaandika wapi?" Stamili alifoka. "Bibi wa watu hata simu yake kuifungua ni kazi!"

Bwana Nyoni aliwatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalipopita kwa Hidaya hayakusimama.

"Yupo mtu anaitwa Kata. Huenda yumo humu, huenda yupo kituo kingine. Najua ni mdogo kuliko wenzake, na najua anampenda mama huyu sana. Jina lake silijui na sina haja nalo. Namwambia hivi: Kata akichoma ufunguo wake, bomba la mama huyu linafunguka hapohapo, lenyewe. Nimeuandika mkataba huo kwenye mnyororo. Hauhitaji mtu kuutekeleza, unajitekeleza. Hata mimi nikitaka kuuvunja siwezi."

"Na huyo Kata akikataa?" Stamili aliuliza.

"Akitia muhuri, bomba la mama halifunguki tena mpaka kufa. Na hilo nimeliandika. Mnyororo haubembelezwi, ninyi mnajua." Akachukua birika lake lililokuwa tupu. "Asanteni kwa kunikaribisha."

Vijana wake wawili walimshika Bi Chausiku viwiko, kwa heshima, wakampeleka nyumbani kwake. Mlangoni alijaribu kugeuka atazame nyuma lakini hawakumwachia nafasi.

*

Hidaya hakutia muhuri siku hiyo. Wala hakuchoma. Alifanya kazi, alirudi nyumbani, alilala macho makavu yanatazama dari, na kila alipofungua bomba lake maji yakatoka aliona haya, kana kwamba anaiba.

Siku ya tatu alasiri alipata kisingizio. Alichukua mkoba ambao Bi Chausiku aliuacha wodini, akaenda kuupeleka. Nyumbani kwa bibi huyo alikaa mlinzi wa kike kwenye kiti cha plastiki, akaupekua mkoba, akaupekua na mfuko wa Hidaya, akatoa machungwa mawili.

"Haya hayaingii, dada."

"Ni machungwa tu."

"Yana maji." Mlinzi aliyaweka chini ya kiti chake. Hakuwa na ukali wowote, na hilo lilimtisha Hidaya zaidi. "Usikae sana."

Ndani palikuwa na joto la bati. Bi Chausiku alikuwa amelala kwenye mkeka sakafuni, mahali penye ubaridi kidogo, midomo imepasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka kwa mkwaruzo. "Umetia?"

"Bado."

"Bado nini, mwanangu? Ungo si ameshatia? Unamngoja nani tena?"

Hidaya alipiga magoti, akamweleza mkataba, lile la kuchoma na lile la kutia muhuri. Bi Chausiku alimsikiliza amefumba macho.

"Nimesikia alivyosema. Mimi masikio yangu mazima," alisema. "Ukichoma, mihuri inabaki miwili, Waraka haufunguki tena. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na vipimo vya yule kijana?"

"Vinafia humo humo. Tukivinakili nje hakuna atakayeamini. Na yeye hayupo wa kupima upya, na Maji Angavu wakishajua tunachotafuta, pale pa kupimia watapasafisha."

"Basi unaniuliza nini?"

"Sijauliza kitu, mama."

"Umekuja kuniuliza. Nakujua." Bi Chausiku alijaribu kukaa, akashindwa, Hidaya akamwinua akamwegemeza ukutani. Alikuwa mwepesi mno. "Unajua nimekuwa nikiwaambia nini wanawake wa mji huu? Kila mwenye mimba aliyekuja kwangu nilimwambia: kunywa maji mama, kunywa, usiyaonee uvivu, mtoto apate nguvu. Na wananisikia! Wanakunywa. Wanakuja kuniambia Bi, nimemaliza jagi zima. Mimi nawasifu. Leo nikinyamaza ili niishi, nitawatazamaje?"

Hidaya alikuwa analia. Aliona haya kulia, maana machozi nayo ni maji, na bibi yule hakuwa nayo hata ya kulia.

"Unaogopa?" Bi Chausiku aliuliza.

"Naogopa sana."

"Na mimi naogopa. Usidhani nimejikaza. Asubuhi nimelamba nondo za dirisha, zilikuwa na umande." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo usiniache nikakaa hivi halafu iwe bure. Tia muhuri leo. Niapie."

"Mama..."

"Niapie, Hidaya."

"Wallahi nitatia."

Mlinzi aligonga mlango mara mbili kwa kiganja. Bi Chausiku alimshika Hidaya mkono, ngozi yake imekauka inakwaruza, akaubana, akauachia.

*

Njiani Hidaya alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameapa, tena kwa jina la Mungu, na aliyeapishwa hana la kufikiri tena. Alirudi wodini moja kwa moja akaenda kwenye ile stoo, akakuta Stamili amewasha taa anahesabu mashuka. Akaenda chooni, kulikuwa na mtu. Akasimama koridoni, nje ya chumba cha wazazi, simu mkononi, ushanga kwenye kiganja, akautazama Waraka. *Mihuri: miwili kati ya mitatu.* Kidoti cha chungwa kilikuwa kimetulia juu kabisa ya ukurasa, pale ambapo muhuri wa tatu ungetokea. Kilikuwa kinamngoja.

Mle chumbani mama wa yule mtoto mwenye nywele nyingi alikuwa anaimba. Alikuwa binti mdogo, uzazi wa kwanza, sauti nyembamba ya kukwama kwama. Alimwona Hidaya mlangoni akatabasamu.

"Nesi, wimbo huu anaupenda! Nikimwimbia ananyamaza kabisa, anatulia anasikiliza."

Hidaya akaitikia kwa kichwa. Angemwambia nini? Mtoto alikuwa amenyamaza kwa sababu ya joto la kifua, na binti yule angeendelea kuimba mwaka mzima bila kujua, na baada yake wangekuja wengine, kila siku, kitanda hiki hiki, wakiimba. Kidole kikaenda kwenye *Tia muhuri*. Hapa nina hakika angebonyeza. Mtu yeyote aliyekuwa pale angeona alikuwa amekaza meno kabisa.

Stamili alitokea anakimbia, mashuka yamemwangukia njiani.

"Kaanguka," alisema. "Mlinzi amepiga simu anaomba machela. Bi Chausiku kaanguka, Hidaya, anaweweseka, anaita watu waliokufa. Wanasema hafiki kesho. Hata dripu hawataki awekewe, eti dripu nayo ni maji!" Akamkamata Hidaya mabega kwa mikono yote miwili. "Huyo Kata ni mtu wa namna gani? Ana moyo kweli? Bibi wa watu anakufa yeye katulia!"

Hidaya alimtazama Stamili. Akili yake ilijaribu kuwaleta watoto, wote, waliozaliwa na watakaozaliwa, iwapange mbele yake awaone. Haikuweza. Hakuwajua. Hawakuwa na sura. Bi Chausiku alikuwa na sura, alikuwa na raba zake na kicheko chake, ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza alipozalisha akataka kukimbia, ndiye aliyekuwa akimwuliza umekula kila siku ya Mungu. Alijua lipi ni haki. Hilo lisemwe wazi, asitetewe mtu hapa: alijua kabisa, na alikuwa ameapa. Lakini woga ukimshika mtu tumboni haumwulizi anajua nini.

"Nipishe," alimwambia Stamili, akageukia ukuta.

Akabonyeza *Choma ufunguo*. Simu ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ushanga ulipata moto kwenye kiganja, ukamchoma kidogo, ukawa mweusi, na Waraka wote mbele ya macho yake ukageuka herufi zisizosomeka, mstari kwa mstari, kuanzia chini kwenda juu. Kidoti cha chungwa kilidumu kuliko vyote. Kisha nacho kikatoweka.

*

Alikimbia njia nzima. Alipofika, kiti cha plastiki kilikuwa kitupu, mlinzi ameshaondoka, na machungwa mawili yako chini ya kiti vilevile. Hakuna aliyetuma amri. Mnyororo ulikuwa umefungua wenyewe, kama alivyosema yule bwana, hakuongopa hata neno moja.

Bi Chausiku alikuwa uani. Majirani wawili walikuwa wamembeba mpaka bombani, wakamwekea kidole, taa ikawaka kijani, sasa walikuwa wamesimama pembeni, hawajui wacheke au walie. Bibi alikuwa amekaa chini kwenye tope, kikombe cha bati mikononi, kanga imelowa chapachapa, macho yamerudi.

"Taratibu, mama," Hidaya alisema. "Usinywe kwa pupa, utatapika."

Bi Chausiku alimwona. Uso wote ukafunguka kwa furaha, na Hidaya alitamani ardhi immeze.

"Wameshindwa, eh?" alisema kwa sauti iliyolowa. "Nilidhani nimekufa, mwanangu. Ukatia, nao wakaogopa, wakafungua! Watu wameshasoma? Wanasemaje mjini?"

Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Ungemtosha bibi kwa siku mbili tatu, labda wiki. Hidaya alifungua kinywa autoe.

"Nimechoma, mama," alisema.

Majirani hawakuelewa, wakatazamana. Bi Chausiku alielewa. Kikombe, kilichokuwa njiani kwenda mdomoni, kilisimama.

"Uliniapia."

"Niliapa."

"Kwa jina la Mungu uliniapia, Hidaya."

Hidaya alipiga magoti topeni mbele yake, akangoja amwagiwe yale maji usoni. Alitaka amwagiwe. Angeshukuru. Bi Chausiku alikiinua kikombe, akakishikilia hewani, akakitazama, na midomo yake iliyopasuka ikaanza kucheza. Alijaribu kukiweka chini. Hidaya alimwona anajaribu, alimwona anavyokaza mkono ushuke, na mkono haukushuka. Ukaenda mdomoni. Akanywa. Akanywa huku analia, maji yanamwingia na machozi yanamtoka, koo linapanda na kushuka, na hakuacha mpaka kikombe kikaisha.

Akakaa nacho mapajani muda mrefu. Kisha akamnyooshea Hidaya, bila kumtazama usoni.

"Niongeze," alisema.